Kompyuta ya Kunizika

Fundi alimtoa marehemu kwa koleo, akamlaza juu ya rasimu yangu, ukurasa wa 88. Alikuwa mjusi kafiri, urefu kama kidole cha shahada, amekauka kama dagaa wa Mwanza, mkia umejikunja, mguu mmoja bado umeganda kwenye risasi ya kulehemu. Watoto wa jirani waliojazana mlangoni waliguna kwa pamoja kama watu walioona penalti ikigonga mwamba. Fundi akavua kofia. Sijui aliivua kwa kumheshimu mjusi au ni joto tu la Tabata mwezi wa pili.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Huyu ndiye aliyeiua. Na yenyewe ikamuua. Wamemalizana."

Akanieleza mkasa wote kama aliyekuwepo. Kompyuta ikishinda imewashwa, usiku huwa na joto zuri, kama jiko lililoachwa na makaa mawili. Wadudu wanafuata taa ya skrini, mjusi anafuata wadudu, na nyuma ya kasha langu kulikuwa na matundu mawili yaliyokosa vibati vyake. Vibati hivyo viling'olewa na mtu huko Ulaya kabla kompyuta haijapandishwa meli kuja kwetu kama mtumba. Mjusi akapita hapo, akatalii, akaingia hadi ndani ya pawa saplai, lile bati linalogawa umeme, akaweka mguu huku na mkia kule. Sasa huku na kule, ndani ya pawa saplai, ni ndugu wasiosalimiana. Wakikutanishwa, volti 230 zinatoa uamuzi.

Hii ilikuwa kompyuta ya pili kufia mikononi mwangu. Ya kwanza ilikufa mwaka 2009, na ile sina mjusi wa kumsingizia. Shemeji yangu aliileta kutoka Marekani, imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Nyuma yake kulikuwa na kitufe kidogo chekundu kilichoandikwa 115. Mimi nikadhani ni namba ya kiwanda. Kumbe ndiyo volti iliyozoea kula huko kwao, na ilitakiwa nikisukume kwa ncha ya bisibisi mpaka kisomeke 230 kabla ya kuilisha umeme wetu. Niliichomeka, nikasema bismillahi, nikabonyeza. Ikasema "pah!" mara moja tu. Moshi ukatoka kwa adabu, bila haraka.

"Umeunguza nini?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

"Sijaunguza. Nimewasha."

Kwa hiyo, mbele ya maiti ya mjusi, niliweka nadhiri. Nina miaka 54. Nilifundisha Kiswahili sekondari miaka 22, na sasa nahariri vitabu vya kiada na kufasiri nyaraka za watu wanaozitaka jana. Nataka kompyuta moja ya mezani, mpya, iliyoungwa kwa vipande nilivyovichagua mwenyewe, inifikishe miaka kumi, na ikizidi hapo ni rehema. Nikamwambia mke wangu: hii itakuwa kompyuta ya kunizika.

"Ikuzike wewe," akauliza, "au uizike wewe kama wenzake?"

Kila mtu aliniuliza kwa nini nisinunue laptopu kama binadamu wengine. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni shingo yangu. Ya pili ni kwamba kompyuta ya mezani ni kama baiskeli ya Phoenix: kikifa kipande unabadilisha kipande, mwili unaendelea na safari. Laptopu nyingi za siku hizi zina ramu iliyolehemewa moja kwa moja kwenye ubao, ikifa hiyo umefiwa na ukoo mzima.

Mpwa wangu, ambaye yuko chuo na anacheza magemu mpaka macho yanakuwa mekundu kama ya dereva wa lori, alijiteua mshauri mkuu. Akaja na orodha. Kasha la kioo, feni sita, na grafiki kadi ambayo bei yake ingejenga ukuta wa upande mmoja wa kiwanja changu cha Chanika.

"Mjomba, na hii itakuwa na taa."

"Za kusomea?"

"Hapana. Za kupendeza."

Nikamweleza kazi zangu. Naandika. Nafungua kurasa thelathini za intaneti kwa sababu naogopa nikizifunga sitazipata tena. Naongea kwa video na wachapishaji wanaosema "unatusikia?" Jioni nasikiliza taarabu. Katika hayo yote hakuna zimwi la kupiga risasi. Mpwa alinisikiliza kwa huruma, kama daktari anayesikiliza mgonjwa asiyejua anaumwa nini, kisha akapunguza feni zikabaki nne.

Basi tukateremka Kariakoo. Na hapo, kabla sijatoa hata shilingi, nilishindwa na herufi tatu.

Nilimwambia kijana wa duka la kwanza, "Naomba bei ya CPU."

"Ipi, mkuu? Dell au HP?" Akanionyesha makasha yaliyopangwa hadi darini.

Hapa sina haki ya kumcheka. Nchi hii nzima tumelelewa hivyo. Kile cha mbele chenye picha ni monita, na lile sanduku la chini ya meza, pamoja na vumbi lake na chupa ya maji iliyowekwa juu yake, ndilo CPU. Hata mimi nilifundishwa hivyo, na mtihani nikafaulu. Kumbe CPU halisi ni kile kidude bapa kilichomo ndani, kinachotosha kiganjani, chenye kufanya hesabu zote. Ukienda dukani ukaomba kidude unaletewa sanduku, ni kama uombe moyo uletewe ng'ombe.

Nikaona nitumie elimu yangu. Nikakaza koo, nikasema kwa Kiswahili sanifu kabisa, "Kijana, nahitaji kichakataji."

Akafikiri. "Cha nyama au cha juisi?"

"Prosesa," mpwa akanong'ona.

"Aaa, prosesa!" Kijana akacheka kwa faraja. "Mzee, si ungesema tu Kiswahili!"

Miaka 22.

Duka la pili lilikuwa na mzee wa makamo yangu mwenye sauti ya mnadani. Huyu alitaka kuniuzia mtumba uleule niliokuja kuukimbia. "Hii ni i7, mkuu. I7! Mabosi ndiyo wanayotumia." Nikaomba nione namba nzima. Hiki ndicho kitu kimoja nilichojifunza na ambacho ningemwambia yeyote anayekwenda sokoni: i7 peke yake ni cheo, haisemi umri. Umri uko kwenye tarakimu zinazofuata. Ya yule mzee ilikuwa i7-4770, kizazi cha nne, mwaka 2013. Alikuwa bingwa, sikatai. Lakini bingwa wa ngumi wa mwaka 2013 leo anapigwa na kijana yeyote wa kizazi cha kumi na mbili aliyeandikwa i3, tena kijana huyo anakula umeme kidogo. Isitoshe, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yao wenyewe haiwatambui Intel wa kabla ya kizazi cha nane. Wapo mafundi wanaoiingiza hivyo hivyo kwa mlango wa uani. Lakini mimi nataka miaka kumi, siwezi kuianza kwa kujificha.

Nilipomwambia hayo yule mzee hakukasirika. Aliniambia tu, "Basi chukua kipanya," na nikachukua kipanya.

Sasa tuje kwenye pawa saplai, maana hapa ndipo mapenzi yangu yalipo. Nimefiwa mara mbili, na mara zote mbili msiba ulianzia kwenye hilo bati. Hakuna anayelisifia. Hujapata kusikia kijana akijigamba kwa wenzake kwamba ana pawa saplai nzuri. Lakini kila kitu ndani ya kompyuta kinakula kutoka mkono wake, na akiamka siku moja ameshikwa na wazimu, anawalisha wote sumu kwa mpigo.

Duka la tatu walikuwa na kasha zuri jeusi. "Ukichukua kasha," muuzaji akasema, "pawa saplai iko ndani, ofa." Ubavuni mwa ofa kumeandikwa 600W kwa herufi kubwa zenye miali. Nikaibeba. Ilikuwa nyepesi kama kopo la maziwa lililokwisha. Fundi wangu wa Tabata, ambaye hajasoma chuo chochote ila anaheshimiwa mpaka Segerea, alikuwa amenipa usia mmoja: "Mwalimu, pawa saplai inanunuliwa kama nyama. Kwa kilo." Nikaomba nyingine. Wakaleta moja ya kijivu, haina miali wala nembo ya joka, imeandikwa 450 tu, bei yake mara tatu.

Mkono wangu unaweza kudanganywa na tamaa. Nje ya duka alikuwepo mama anauza dagaa kwa mizani ya kuning'iniza. Nikatoka na pawa saplai mbili, moja kila kwapa.

"Mama, habari za kazi. Naomba unipimie."

Akanitazama, akazitazama. "Hivi vinapikwa?"

"Havipikwi, mama. Nataka kujua uzito tu."

Akaondoa dagaa, akapangusa sinia ya mizani kwa kanga, akaiweka ile ya ofa. Mshale ukasogea kivivu, haukufika hata robo tatu. Akaiweka ya kijivu. Mshale ukaruka ukatulia kwenye kilo moja na robo tatu. Watu watano walikuwa wameshasimama kutazama, maana Kariakoo ukisimama na kitu cha ajabu kwa dakika mbili umeshafungua ukumbi.

"Hii ya kwanza umepunjwa," mama akatoa hukumu. "Hii haina mifupa."

Na kwa kweli ndivyo ilivyo. Uzito wa pawa saplai ni shaba iliyoviringwa, ni vyuma, ni mabati ya alumini ya kutoa joto, ni vile vichujio vinavyomeza umeme ukija kwa pupa. Anayetaka kuuza rahisi anaanza kwa kuvitoa hivyo, na nafasi yake anachora miali. Muuzaji alitoka nje, hakufurahi. "Mzee, unaniharibia biashara." Yule mama akaninong'oneza kwa upande, "Lakini angalia, baba. Watu wanaweka mawe kwenye gunia." Ushauri wa maana. Nikachungulia kwa tochi ya simu kwenye matundu ya ile ya kijivu, nikaona shaba, nikaona alama ya 80 Plus ubavuni, maana yake imepimwa na angalau asilimia 80 ya umeme inaoumeza inaupeleka kunakohusika, unaobaki ndio joto. Nikaona na kapasita, vile vimikebe vidogo vya kuhifadhi chaji, vimeandikwa nyuzi 105. Vile vya bei poa huandikwa 85. Kapasita ndiye mzee wa kwanza kufa katika nyumba hii. Kichwa chake kinavimba kama chapati kisha anavuja. Fundi anasema kila ukimpunguzia nyuzi kumi za joto, umri wake huwa kama mara mbili. Ndiyo maana siku hizi nina brashi ya vumbi, na siyo ya viatu.

Na 450 zinatosha? Mpwa alidai 750. Kompyuta ya kuandikia kama yangu hata ikikimbizwa haifiki nusu ya hizo 450. Nilimuuliza hizo nyingine atazipeleka wapi, akasema, "Za akiba, mjomba." Vijana hawa wanaweka akiba ya kila kitu isipokuwa fedha.

Ramu niliinunua harakaharaka, na nikarudi kuibadilisha harakaharaka, kwa sababu nilipewa za laptopu ambazo ni fupi nusu. Za mezani ni ndefu, na kila kizazi kina pengo lake mahali pake kama meno ya ukoo: ya DDR4 haiingii kwenye kiti cha DDR5 hata uibembeleze. Nilichukua mbili za GB 8, maana prosesa huzungumza na mbili kwa pamoja vizuri kuliko na moja kubwa. SSD, ghala la mafaili, nikachukua ya GB 500 ya jina linalojulikana, duka linalojulikana. Kijana mmoja barabarani alikuwa na ya TB 4 kwa bei ya viatu. Nikampa pole moyoni mtu atakayeinunua.

Nikabakiwa na prosesa. Hapa nilichoka, nikamwachia mpwa. Akachagua Intel Core i5-12400F. "Ina viini sita, mjomba, na hii yenye F ni rahisi kuliko ile isiyo na F."

"F ndiyo nini?"

"Herufi tu."

Ijumaa jioni tukaunga. Nikiri kwamba kulikuwa na utamu wake. Mpwa aliweka rojo ile ya kupitisha joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mchele, akashusha feni yake kwa upole kama anayemfunika mtoto. Nikashika tochi. Mke wangu akaleta chai, akaiweka juu ya boksi la mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, nikaitoa, akairudisha. Saa tatu na nusu usiku tukabonyeza. Feni zikazunguka! Taa moja (mpwa aliniibia taa moja, sikuiona kwenye hesabu) ikawaka kijani. Skrini ikabaki nyeusi kama kaniki.

Tulingoja. Tukabadilisha waya. Tukaazima monita ya jirani, nayo ikawa nyeusi. Jumamosi tukaituhumu ramu. Mafundi wana desturi ya kuisugua ramu kwenye meno yake kwa ufutio wa penseli, na mimi ufutio ninao wa kufungua duka. Nikasugua ramu mpya isiyo na kosa lolote mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nyeusi. Mama mkubwa akapiga simu kutoka Tanga akauliza kama kuna mtu niliyegombana naye mtaani. Mke wangu akashauri tuizime ipumzike, na kwa ushauri wote uliotolewa wikiendi ile, huo ndio uliokuwa karibu na sayansi. Siku mbili kasha lilikaa pembeni mwa meza, ubavu wazi, matumbo nje.

Jumapili baada ya magharibi mpwa akafanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyewahi kulifanya: akasoma maandishi ya kwenye boksi. Nikamwona amenyamaza. Ukimya wa mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Mjomba. Ile F."

"Eeh."

"Maana yake haina picha."

Ndiyo. Prosesa nyingi za Intel za mezani zinakuja na kitengo cha kuchora picha humohumo ndani. Zile zenye F mwishoni hazina, zinategemea uwe na grafiki kadi pembeni. Mtu wa magemu anayo, kwa hiyo kwake F ni punguzo la bei. Kwangu mimi, tundu lile la HDMI nyuma ya mazabodi lilikuwa mdomo usio na ulimi. Kompyuta yangu ilikuwa nzima, inafikiri, inafanya kazi zake zote, isipokuwa haikuwa na njia ya kuniambia.

Sikuchukizwa na hasara. Nilichukizwa na herufi. Kwa miaka 22 nimeiandika F kwa wino mwekundu juu ya karatasi za watoto wa watu. Nimeieleza F kwa wazazi waliokuja shuleni na kuku. Naijua F kwa umbo, kwa harufu, naijua hata mwanafunzi akijaribu kuigeuza B kwa kalamu. Halafu nimekwenda Kariakoo kwa miguu yangu, nikainunua F kwa fedha taslimu, nikaibeba kwenye mfuko mpaka nyumbani nikiwa nafurahi.

Jumatatu nilirudi dukani. Risiti ilisema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikatumia mbinu ya ualimu: nikasimama. Sikugomba wala sikupaza sauti, nilisimama tu kando ya kaunta nikiwa nimekunja mikono, nikimtazama muuzaji kama anayesubiri daftari. Saa nzima. Bahati nzuri akaja kijana mwenye grafiki kadi yake kwenye begi, akitafuta hiyohiyo F. Tukayamaliza: yeye akaondoka na F, mimi nikaondoka na i3-12100 isiyo na mkia wowote, na muuzaji akakata elfu ishirini ya usumbufu, ambayo kwa haki ilikuwa yake. Tundu la prosesa kwenye mazabodi ni lilelile, hivyo hatukubadilisha kingine. Mpwa alihuzunika njia nzima kwenye daladala. Kwake nilikuwa nimeshushwa cheo hadharani, kutoka i5 kwenda i3. Ina viini vinne, nikamwambia, na mimi naandika kwa vidole viwili. Viwili vitanisubiri.

Jumatatu usiku picha ikaja. Sitaeleza nilivyojisikia. Nilimwita mke wangu aje aone maneno meupe kwenye skrini nyeusi yakilalamika kwamba hakuna Windows, na niliyaona mazuri.

Kuna kasoro moja imebaki. Zile nyaya nyembamba za mbele ya kasha zina vichwa vidogo kama vya sisimizi na maandishi yake yanahitaji miwani ya watu wawili. Mpwa alizibadilisha nafasi bila kujua. Kitufe kikubwa cha kuwashia hakiwashi chochote. Inawashwa kwa kile kidogo cha pembeni, cha kuanzisha upya. Fundi wa Tabata alikuja kukagua, akataka kurekebisha kwa dakika moja, nikamkataza. Sasa hivi katika nyumba hii hakuna mtu anayejua kuiwasha ila mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nina kitu changu.

Niliongeza UPS, lile sanduku la betri la kushikilia umeme ukikatika, hilo halina mjadala kwa anayeandika huku umeme una safari zake. Imeandikwa 650VA, nami nikadhani ni wati 650. Chini yake kwa herufi za chungu mweusi imeandikwa wati 360, lakini kwa kompyuta yangu bado ni karamu. Umeme ulipokatika mara ya kwanza, nilikuwa katikati ya sentensi. Taa ikazimika, UPS ikalia "pii," na skrini ikabaki inang'aa. Nikaandika nukta. Nikaanza sentensi mpya gizani, najiona kama nahodha. Halafu UPS ikapiga yowe ambalo sikuwa najua inalo, ikazima kila kitu.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya meza na pasi mkononi.

"Si ulisema hii haikatiki?"

Pasi ile ni wati 1000. Nimebandika karatasi juu ya UPS: SI YA NGUO. Mke wangu ameongeza chini yake kwa penseli: wala ya moyo wako.

Jambo la mwisho lilikuwa mjusi. Hapa sikutaka mshauri. Nilihakikisha vibati vyote vya nyuma vipo, nikavikaza kwa skrubu. Matundu ya feni nikayafunika kwa kipande cha chandarua cha zamani, kilichokatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi pembe zote nne, hewa inapita, kiumbe hapiti. Nilifanya hivyo Jumanne, mara tu baada ya kufunga ubavu wa kasha, nikatumia saa mbili, nikaikagua kwa tochi. Hata sisimizi angehitaji kibali.

Alhamisi usiku, kama saa tano, nilikuwa namalizia sura ya saba. Nyumba imelala. Feni zimeshuka pole. Nikasikia: chek-chek-chek.

Nikatazama ukutani. Hakuna. Nikafunua kalenda, nikatikisa pazia. Hakuna. Nikakaa. Chek-chek-chek. Nikapiga magoti chini ya meza, nikaweka sikio kwenye kasha. Lilikuwa vuguvugu, la kupendeza. Na nikakumbuka zile siku mbili, Ijumaa hadi Jumapili, ubavu wazi, matumbo nje, taa ya kijani ikiita wadudu wa Tabata nzima.

Nikamwamsha mke wangu. Alikuja na kanga yake, akainama, akasikiliza kwa makini. Chek-chek-chek. Akanitazama mimi, akatazama skrubu zangu, akakitazama kile kipande kilichobandikwa pembe zote nne.

"Sasa unahangaika nini, Baba?" akasema, akigeuka kurudi kulala. "Si umemwekea na chandarua?"